Mshono wa Msalaba: Kazi ya Mkono ya Kutuliza Akili

Leo tunashika sindano. Nataka tuzungumze juu ya kudarizi kwa mshono wa msalaba, ule ambao nyuzi mbili hukatana juu ya kitambaa zikafanya alama ya X. Katika kudarizi kote sijaona mshono mwepesi kuliko huu. Kama unajua kuhesabu hadi ishirini, unaweza kuujua leo leo, uwe mama uliyemaliza kazi za nyumbani, dereva unayesubiri abiria kituoni, au kijana ambaye macho yamechoshwa na simu.

Kwa nini kazi hii hutuliza? Kwa maoni yangu, siri iko kwenye kuhesabu. Mchoro unao mbele yako kwenye karatasi ya grafu, na kila mraba uliopakwa rangi ni msalaba mmoja. Unahesabu miraba mitatu kwenda kulia, unashona, unashuka mstari, unahesabu tena. Hesabu hiyo haichoshi, lakini inatosha kuushughulisha moyo. Huwezi kuhesabu miraba na papo hapo ukawa unayarudia kichwani maneno makali uliyoambiwa kazini. Sisemi kwamba sindano ni dawa. Mwenye huzuni isiyokwisha amwone daktari. Ninachosema ni kwamba saa moja ya kazi hii jioni hupumzisha kweli.

Yupo mtu aliyeijua thamani hiyo katika hali ngumu sana. Meja Alexis Casdagli, ofisa wa jeshi la Uingereza, alitekwa na Wajerumani mwaka 1941 katika kisiwa cha Krete. Huko kambini alikofungwa siku zilikuwa ndefu, kazi hakuna. Mateka mwenzake akampa kipande cha kitambaa, na nyuzi akazipata kwa kufumua sweta kuukuu la jenerali mmoja mzee wa Krete. Desemba mwaka ule ule kazi yake ikawa tayari: jina lake, mahali alipofungwa, na pembezoni mapambo ya vidoti na vistari. Mapambo yale yalikuwa maneno yaliyoandikwa kwa Morse, mfumo wa kuandika herufi kwa vidoti na vistari. Humo alimwombea mfalme wake na kumtukana Hitler, na Wajerumani waliitundika kazi hiyo ionekane bila kung'amua lolote. Casdagli aliendelea kushona miaka yote ya kifungo chake.

Sasa tuje kwako. Kitambaa kinachopendwa kwa kazi hii huitwa Aida. Ni cha pamba, kimefumwa kwa miraba yenye matundu ya wazi kwenye kona zake. Anayeanza atafute kile chenye miraba 14 kwa inchi. Maana yake, ua lenye upana wa mishono 28 litakuwa na inchi mbili. Usipokipata Aida, usikate tamaa: nunua kitambaa cha drafti cha pamba, chenye miraba midogo na iliyo sawasawa. Kila mraba utabeba msalaba mmoja, na kitambaa hicho utakikuta karibu kila duka la nguo za kushona.

Uzi wa kudarizi ukiutazama kwa karibu utaona ni nyuzi ndogo 6 zilizolazwa pamoja. Kata urefu wa dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiukata mrefu zaidi utafungana mafundo na kuota manyoya. Chomoa nyuzi ndogo mbili, moja baada ya nyingine, ukizichomoa kwa pamoja zitasokotana. Sindano iwe butu, yenye tundu kubwa.

Usipige fundo. Toa sindano kutoka chini kwenye kona ya kushoto ya chini ya mraba, ukiacha mkia wa kama sentimita tatu upande wa nyuma, na uushike kwa kidole ili mishono ya kwanza iubane. Zamisha sindano kwenye kona ya juu ya kulia. Hiyo ni nusu. Kama mstari una miraba kumi, shona nusu zote kumi kuelekea kulia, kisha rudi kushoto ukikatiza kila nusu kwa mshono wa pili. Hapa naomba unisikilize vizuri: nyuzi za juu zote zilale upande mmoja. Zikipishana, mwanga huzipiga tofauti na kazi nzima huonekana ina mabaka. Wala usivute kwa nguvu. Uzi ulale juu ya kitambaa bila kukikunja. Ukiona umeanza kujisokota, iachie sindano ining'inie, itazunguka yenyewe hadi uzi unyooke.

Wengi huacha kazi hii kwa sababu moja tu: huanza na picha kubwa, tuseme simba wa rangi thelathini. Baada ya wiki mbili hata sikio halijakamilika, na kilichokusudiwa kupumzisha kinageuka deni. Anza na kitu cha kumalizika kwa jioni chache. Na ukikosea hesabu, fumua. Kufumua mishono kumi ni dakika chache, na mkono unajifunza zaidi kwa kurudia.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya wanawake. Nenda Lamu au Unguja ukaziangalie kofia za viua zinavyodariziwa kwa mkono, tundu kwa tundu, utaona subira ya sindano ni ya kila mtu. Wala si kazi ya kudharauliwa: kwa Wapalestina, misalaba hii midogo hujaza vifua vya magauni ya wanawake, na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha sanaa yao ya tatreez katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Basi wiki hii, msikilizaji, nunua robo mita ya drafti, sindano moja na mafungu mawili ya uzi wa rangi uzipendazo. Kaa penye mwanga wa kutosha, chora kwenye karatasi ya grafu herufi ya kwanza ya jina la mtu umpendaye, kisha uishone. Ikikamilika, mpelekee.