Kusoma Huku Ukifanya Kazi: Anayepima Masikio ya Mtoto Anavyopata Shahada

Popote ulipo, uwe jikoni ukichambua mboga, dukani ukingoja wateja, ama kwenye foleni ya kliniki na mtoto mgongoni, sogea karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya masikio ya mtoto, lakini tutamwangalia zaidi yule anayeyapima. Amesomea wapi? Anaendeleaje na masomo akiwa kazini? Na hayo yanakuhusu nini wewe mama ama mlezi?

Tuanze na mfano. Mama amempeleka hospitalini mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo haitiki akiitwa jina, na hata "mama" hajasema. Wamengoja tangu asubuhi. Mwishowe wanaitwa ndani, na muuguzi anasema: "Mama, mimi nafanya kazi hapa, na pia ni mwanafunzi. Ninasomea shahada ya upimaji wa kusikia. Nitampima mtoto, na msimamizi wangu atakuwa hapa pamoja nasi."

Moyo wa mama unashtuka. Anajiuliza, "Kwani mtoto wangu amekuwa wa kufanyiwa majaribio?" Wako kina mama ambao wangeinuka wakaenda zao. Wangesema watarudi siku nyingine, daktari mkubwa akiwepo. Siku nyingine inakuwa mwezi mwingine, na mwezi unakuwa mwaka.

Msikilizaji, hasara iko hapo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Ubongo wake katika miaka ya kwanza unangoja sauti kama shamba linavyongoja mvua, na msimu ukipita, kupanda kunakuwa kugumu. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mtoto apimwe kusikia kabla hajamaliza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kwetu watoto wengi hawapimwi mapema hivyo. Basi anayefikishwa hospitalini asirudishwe nyumbani kwa sababu ya woga tu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu kusikia, lilisema watu wapatao milioni 430 ulimwenguni wanahitaji msaada kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia. Kati yao, milioni 34 ni watoto. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Lakini ni nani atakayewapima watoto wote hao? Wataalamu wa kazi hii ni wachache mno katika nchi zetu za Afrika. Kwa hiyo kila muuguzi au afisa wa kliniki anayeamua kusoma zaidi bila kuacha wagonjwa wake ni faida kwa watoto wetu.

Sasa, kwa nini kazi hii isomewe kazini? Si angeketi darasani miaka minne, amalize, ndipo aje? Njia hiyo ipo, na ni nzuri. Lakini sikiliza jinsi upimaji wenyewe ulivyo.

Mtoto mchanga hawezi kukuambia amesikia. Mpimaji humwekea sikioni kifaa kidogo kinachotoa sauti nyororo. Sikio la ndani likiwa zima, hujibu kwa sauti hafifu sana, na mashine huinasa. Lakini mtoto akilia, ama chumba kikiwa na kelele, ama sikio likiwa na uchafu wa kuzaliwa au maji ndani, mashine inaweza kuonyesha kwamba hakupita, kumbe sikio ni zima. Mpimaji lazima ajue wakati wa kungoja mtoto anyonye na kulala, na wakati wa kusema, "Mama, tutarudia."

Mtoto wa kuanzia miezi 6 hivi hadi karibu miaka 2 hupimwa akiwa amepakatwa. Sauti inatolewa upande mmoja, na akigeuka anaonyeshwa mwanasesere anayewakawaka. Hapo kuna mtego. Je, mtoto amegeuka kwa sababu amesikia, ama ameona kivuli cha mtu, ama mama amemtikisa kidogo bila kujua? Mtoto wa miaka 3 naye hupimwa kwa mchezo. Kila akisikia mlio, anatia kibao kikombeni. Lakini akichoka ataanza kutia vibao hata kama hakuna mlio. Mambo haya kitabu kinaweza kuyataja, lakini jicho la kuyatambua hupatikana kwa kukaa na watoto wengi, mmoja baada ya mwingine, na mwenye ujuzi akiwa karibu.

Hiyo ndiyo shahada ya kusomea kazini. Mwanafunzi ameajiriwa au ana mahali pa kufanyia kazi. Chuo kinampa masomo: jinsi sikio lilivyoumbwa, jinsi sauti inavyosafiri, magonjwa, na vifaa vya kusaidia kusikia. Mengine huyasoma nyumbani usiku, mengine kwa intaneti, na mara chache husafiri hadi chuoni kwa wiki moja au mbili. Kazini ana msimamizi aliyekwisha kufuzu. Kila kazi anayofanya huandikwa katika daftari maalumu: kuangalia sikio kwa kitochi, kupima, kutengeneza umbo la sikio kwa ajili ya kifaa, kueleza matokeo kwa mzazi. Msimamizi hutia sahihi akiwa ameona kwa macho yake. Mwishowe chuo humtahini kwa maandishi na kwa vitendo. Asipofaulu, hafuzu, hata kama amefanya kazi hapo miaka kumi.

Uingereza ni nchi moja iliyotumia njia hii kwa muda mrefu. Mwaka 2001 vyuo vya England vilianza kufundisha shahada fupi zinazounganisha darasa na kazi, ambazo mtu akizimaliza anaweza kuongeza masomo apate shahada kamili. Vyuo kama Aston mjini Birmingham na De Montfort mjini Leicester vimefundisha shahada za namna hiyo kwa watu wa kupima kusikia na kutoa vifaa. Lakini cheti cha chuo peke yake hakitoshi huko. Tangu mwaka 2010, mtu anayetoa vifaa vya kusikia kwa malipo ya binafsi lazima awe ameandikishwa na baraza linalosimamia taaluma za afya. Chuo kinathibitisha kwamba amesoma, na baraza linalinda wagonjwa.

Hata hapa Kenya jambo hili si geni. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianza mpango wa kuwafundisha wauguzi wenye cheti kwa njia ya kompyuta, wapate diploma huku wakiendelea na kazi. Wengi wao walikuwa kina mama wenye familia, wasioweza kuacha nyumba na mshahara waende Nairobi miaka kadhaa. Nao maafisa wa kliniki wanaotaka kubobea katika masikio, pua na koo husomea stashahada ya juu katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, yaani KMTC. Ngazi ipo, na mtu hupanda kidato kimoja kimoja: cheti, diploma, stashahada ya juu, shahada.

Huenda wewe unayenisikiliza ni muuguzi au afisa wa kliniki, na unanyonyesha huku ukifikiria kurudi shule. Ama binti yako anafanya kazi katika kitengo cha masikio, na anaomba umsaidie karo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanyeni mambo haya.

Kwanza, hakikisha chuo kinatambuliwa. Ulizia katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo cha nje kinachofundisha kwa intaneti nacho kiulizwe vivyo hivyo. Pili, uliza baraza linalosimamia kada yako kama shahada hiyo itakubaliwa, na itakuruhusu kufanya kazi gani. Kuna mtu anaweza kusoma miaka mitatu kisha akute cheti chake hakimwongezei chochote kazini.

Tatu, pata barua kutoka kwa mwajiri. Maneno ya mdomo husahaulika msimamizi akihamishwa. Barua iseme utapewa siku ngapi za masomo na mitihani, ni nani atalipa karo, na kama utatakiwa kubaki hapo miaka kadhaa baada ya kufuzu. Nne, uliza ni nani atakuwa msimamizi wako wa kila siku. Kama hospitali haina mtu aliyefuzu kukusimamia, ama haina vifaa vya kupimia watoto, daftari lako litabaki tupu. Itabidi uombe kwenda hospitali kubwa zaidi siku fulani za wiki.

Tano, uliza kama masomo uliyokwisha kusoma yatahesabiwa. Mwenye diploma wakati mwingine hupunguziwa muda na gharama. Sita, kaeni kikao nyumbani. Kusoma baada ya zamu ya usiku si mchezo. Mume, nyanya ya watoto, na hata watoto wakubwa wajue kwamba jioni fulani mama anasoma, na kazi za nyumba zigawanywe. Chama cha kina mama kinaweza kusaidia karo ya muhula, lakini usikope zaidi ya unavyoweza kulipa. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa turudi kwa yule mama tuliyemwacha na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Afanye nini?

Ana haki ya kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu. Aulize hivi: "Sista, msimamizi wako ni nani, na atakuwepo muda wote? Kipimo hiki kinaonyesha nini? Matokeo yatahakikiwa na nani? Kama mtoto hatapita, tunaenda wapi na lini?" Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hatakasirika. Tena ana haki ya kukataa kupimwa na mwanafunzi, na huduma isikatwe kwa sababu hiyo. Lakini kama msimamizi yupo na maswali yamejibiwa, heri akubali. Mara nyingi mwanafunzi hupima polepole, anarudia, na hakuna hatua anayoiruka kwa sababu anajua anaangaliwa.

Kuna jambo la kukataa, nalo ni mtu kukutolea matokeo bila kukueleza, ama kukuuzia kifaa cha kusikia kabla mtoto hajapimwa kikamilifu. Kifaa hurekebishwa kulingana na sikio la huyo mtoto. Hakinunuliwi kama viatu vya mtumba.

Na wewe mlezi, usingoje mtaalamu ndipo uanze kuangalia. Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kelele kubwa, mtoto wa miezi 9 asiyegeuka akiitwa, mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno lolote, mpeleke apimwe. Usiambiwe, "Hata baba yake alichelewa kusema." Sikio likitoa usaha, mpeleke kliniki. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala majani. Na hicho kijiti cha pamba, wacha. Nta ya sikio husukumwa ndani zaidi, na kiwambo cha sikio kinaweza kutoboka.

Muuguzi yule wa mfano wetu, akifuzu, atabaki katika hospitali ile ile ambako watoto wanamjua. Atawafundisha wengine kama alivyofundishwa. Mwaka ujao mama mwingine kutoka kijiji hicho hicho hatahitaji kusafiri hadi mji mkuu kutafuta mpimaji. Lakini muuguzi huyo hawezi kufuzu bila watoto wa kupima, nao watoto hawawezi kupimwa bila wazazi kuwaleta.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiambiwa na sista kwamba bado anasoma, usikimbie. Vuta kiti, mpakate mtoto, uliza maswali yako yote, kisha mwache afanye kazi mbele ya msimamizi wake. Na kama wewe mwenyewe ndiwe unayesoma, usichoke.

Mjulishe jirani uliyoyasikia leo, hasa kama ana mtoto ambaye haitiki akiitwa.