Chuo au Jukwaa: Kijana Anayetaka Kuigiza Aende Wapi?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho hubishiwa hodi kwa swali lile lile. Kijana amefaulu. Nyumbani wanataka aombe chuo kikuu, asome sheria, uhasibu au ualimu. Yeye amekwisha kulionja jukwaa shuleni, au yumo katika kikundi cha mtaani kinachofanya mazoezi kila jioni, na moyo wake uko huko. Huja na mzazi, mara nyingi mama, na kila mmoja anatarajia mwalimu atakuwa upande wake. Kauli anayoambiwa kijana karibu kila nyumba ni moja: soma kwanza, sanaa utaifanya baadaye. Najua kauli hiyo inatoka kwa mtu anayempenda. Hata hivyo, historia ya maonyesho yetu wenyewe haiungi mkono wazo kwamba masomo na sanaa ni njia mbili zilizoachana, na jioni ya leo nataka tuitazame historia hiyo kabla hatujampa kijana jibu.

Tamthilia ya Kiswahili tunayoisoma leo imelelewa kwa kiasi kikubwa chuoni. Ebrahim Hussein aliitoa Kinjeketile mwaka 1969, akiwa zao la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa mwalimu hapo hapo. Penina Muhando, ambaye wengi mnamfahamu kama Profesa Mlama, alichapisha Hatia mwaka 1972, naye akafundisha hapo. Amandina Lihamba, mwandishi wa Hawala ya Fedha, ni mwalimu, mwigizaji na mwongozaji kwa pamoja. Edwin Semzaba, aliyetuachia Ngoswe, alikuwa mhadhiri. Ng'ambo ya mpaka, Francis Imbuga, ingawa aliandika kwa Kiingereza, naye alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Na mapema zaidi, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na jukwaa la kusafiri, wakaenda na michezo yao vijijini na kuigiza pia kwa lugha za wenyeji. Nairobi nao wakawa na kundi lao la chuo kikuu la kusafiri mwaka 1974.

Kwa nini chuo? Sababu moja ni fikra. Kulikuwa na maktaba, mijadala, walimu waliosoma tamthilia za Mjerumani Bertolt Brecht na waliocheza ngoma za kwao. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi, nayo ni mshahara. Mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mhadhiri hakutegemea tiketi za mlangoni. Aliweza kuandika igizo la watu ishirini, akalifanyia mazoezi miezi mitatu, akalionyesha siku chache kwa kiingilio kidogo au bila kiingilio, na mwisho wa mwezi watoto wake wakala. Jukwaa lilifadhiliwa na mshahara wa mwalimu, na waigizaji walikuwa wanafunzi ambao chuo kilikuwa kinawalisha. Mzazi anayesema sanaa hailipi ameliona jambo la kweli. Hata mabingwa wetu hawakulipwa na sanaa peke yake.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao vitabu vyetu vya fasihi vimeupuuza. Katika miaka ya 1980 na 1990, watu wa Dar es Salaam waliokwenda kuangalia maigizo kwa hiari yao na kwa pesa yao hawakwenda chuo kikuu. Walikwenda kwenye kumbi za baa kuyaona makundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre. Onyesho lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, taarabu, na ndani yake igizo lenye mama mkwe, mganga, mume mlevi na binti aliyetoka shamba. Waigizaji wengi wa makundi hayo hawakuwa na shahada wala stashahada. Walichokuwa nacho ni hadhira siku kadhaa kila wiki, hadhira yenye chupa mezani na isiyo na subira. Ukichosha, inakuzomea hapo hapo, na wiki ijayo inahamia kwa mpinzani wako. Televisheni binafsi zilipoanza mwaka 1994 na tamthilia za kwenye runinga zikashika kasi, mashabiki walianza kubaki nyumbani. Waigizaji wakafuata kamera, na katika vikundi kama Kaole likatoka kundi kubwa la nyota wa filamu za Kiswahili.

Kwa hiyo tuna shule mbili, na zote zimetoa waigizaji. Mara chache zimekutana, na zilipokutana yalizaliwa mambo makubwa. Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walikaa na wakulima na wafanyakazi wa viwandani wakatengeneza igizo kwa Kigikuyu. Wahadhiri walikuja na muswada. Wanakijiji wakausahihisha, wakaongeza nyimbo, wakaujenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Serikali ikafuta kibali baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na vijana wa pale waliochagua wenyewe la kuigiza: wasichana wa shule kupata mimba. Pale Malya nani alikuwa mwanafunzi na nani mwalimu? Waliokuwepo wameandika kwamba walijifunza mengi kutoka kwa wachezaji wa ngoma wa kijiji.

Nasema haya ili tupate kipimo. Kijana anayetaka kuigiza asihesabu vyeti kwanza. Ahesabu usiku. Ajiulize: mahali ninapotaka kwenda, chuo au kikundi, patanipandisha jukwaani mara ngapi kwa mwaka, mbele ya watu nisiowajua? Swali hilo linamaliza nusu ya ubishi. Kuna digrii ya sanaa za maonyesho ambayo mwanafunzi anaweza kuimaliza akiwa ameigiza mara chache tu, zote mbele ya mtahini na wenzake wa darasa. Kuna vikundi vya mtaani vinavyokutana mwaka mzima kupiga picha za kuweka mtandaoni, bila onyesho hata moja. Vyote viwili vinampotezea kijana miaka.

Niwape mfano wa kinachofundishwa na hadhira, kutoka Kenya. Kule, tamthilia inayotahiniwa shuleni imezaa soko la kweli la jukwaa. Vikundi vya vijana hukariri tamthilia teule, kama ilivyokuwa Kigogo ya Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, wakapanda gari na mavazi yao na kuzunguka shule kwa shule. Mwanafunzi hulipa kiasi kidogo, mwigizaji hulipwa kwa shoo. Ukumbi mara nyingi ni bwalo la chakula. Meza zimesukumwa ukutani, mwanga ni wa madirishani, kipaza sauti kama kipo kinakoroma, na mbele yako wamekaa wanafunzi mia kadhaa ambao wengi wao wanakijua kitabu vizuri kuliko wewe. Ukiruka sentensi wanaguna. Ukifika penye kichekesho wanaangua kicheko kwa nguvu, na mwigizaji mchanga hufanya kosa lile lile kila mara: anaendelea kusema juu ya kicheko, maneno yake yanapotea, na anayefuata hajui pa kushika. Mkongwe hufanya kitu kidogo sana. Hushusha kikombe mezani, au humtazama mwenzake, akakiacha kicheko kipande mpaka kilele, na kinapoanza tu kushuka, kabla ukumbi haujatulia, anaingia. Ukisubiri kimya kamili umechelewa, joto limekwisha. Hakuna mhadhara utakaokufundisha kuisikia nukta ile. Utaisikia baada ya mabwalo mengi.

Na upande wa chuo, kuna yale ambayo mabwalo hayafundishi. Mwigizaji wa shoo za shule anaweza kucheza nafasi ile ile miaka mitatu na sauti ikakwama kwenye mlio mmoja. Chuo kizuri humtoa hapo. Humlazimisha kusoma tamthilia asiyoipenda, kuongoza, kuandika, kupanga taa, kuandaa bajeti ya onyesho, na kuvunja mazoea ya mwili wake. Humpa pia wenzake. Ukiangalia vikundi vilivyodumu, utakuta vingi vilianza na watu waliosoma au kufundisha pamoja. Bagamoyo Players walitokana na walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa.

Na hapo pana mlango ambao wazazi wengi wenye mtoto wa kidato cha sita hawautazami, kwa kuwa hautoi shahada. Bagamoyo, ambako leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, yaani TaSUBa, unaingia hata kwa kidato cha nne, unasoma astashahada na stashahada, na unajifunza zaidi kwa vitendo: ngoma, muziki, maigizo, sarakasi, ufundi wa jukwaa. Ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa upya, na tamasha lake la kila mwaka huwaleta watazamaji ambao si ndugu wala wahadhiri wako. Kwa kijana ambaye mwili ndio mali yake, mchezaji ngoma au mwanasarakasi, mimi huwaambia wazazi waziwazi: Bagamoyo kwanza, chuo kikuu baadaye. Mgongo wa miaka kumi na tisa haukungojei. Mwigizaji wa maneno ana nafasi zaidi, maana jukwaa litamhitaji hata akiwa na mvi.

Tuzungumze pesa kwa uwazi, kwa kuwa ndiyo hofu ya mama niliyemtaja mwanzoni. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hudaiwa hata asipoajiriwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Mwigizaji asiye na mwajiri naye ana wajibu wa kulipa, na kipato chake kinakuja kwa vipande: posho ya igizo la uhamasishaji mwezi huu, tangazo la redio mwezi ujao, kisha miezi miwili mitupu. Miradi ya uhamasishaji ndiyo imekuwa mfadhili mkubwa wa maigizo tangu miaka ya 1990. Kilio Chetu, igizo la UKIMWI ambalo wanafunzi wetu wamelisoma shuleni, lilitokana na kazi ya namna hiyo. Kazi hizo si za kudharauliwa, ila mfadhili akiondoka huondoka na nauli yako. Wakati huo huo, anayeahirisha chuo ajue kwamba miongozo ya mikopo huweka kikomo cha miaka tangu mwombaji amalize kidato cha sita. Anayesema atajaribu jukwaa kwanza ausome mwongozo wa mwaka wake, ahesabu miaka aliyo nayo, na aiweke tarehe ukutani.

Lipo jambo jingine ambalo akina mama hulizungumza kwa sauti ya chini, nami napenda lizungumzwe kwa sauti kubwa. Binti anayeingia kikundini husafiri usiku, hulala ugenini, na nafasi yake ya kuigiza iko mikononi mwa mwongozaji mmoja. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa, na vyuo vikuu navyo havijasalimika nayo. Kwa hiyo simwambii mzazi kwamba chuoni binti yake atakuwa salama kwa kuwa ni chuoni. Namwambia aulize: kiongozi wa kikundi ni nani, wasichana waliomtangulia wako wapi, kwa nini waliotoka walitoka, na akipata tatizo atalalamika kwa nani. Kikundi kisicho na jibu la swali la mwisho, binti asiende, hata kama ndicho kinachopanda jukwaani kila wiki.

Sasa nitoe hukumu yangu, maana mhadhiri asiyetaka kuamua hajawatendea haki waliokuja. Kijana aliyemo katika kikundi kinachoigiza kweli, chenye hadhira na uongozi unaowajibika, na aliyepata nafasi ya kusoma mji ule ule, asome bila kutoka kikundini. Fani yoyote itamfaa, ualimu hasa, kwa kuwa mwalimu ana ratiba inayoacha jioni na ana hadhira kila asubuhi. Akiitwa chuo cha mji wa mbali, aulize kwanza kama huko kuna jukwaa. Kama hakuna, na kikundi chake kinafanya kazi, aahirishe mwaka mmoja au miwili nikiwa namuunga mkono mbele ya wazazi wake. Kijana asiye na kikundi, aliye na kiu tu, aende kusoma sanaa za maonyesho, lakini ndani ya wiki yake ya kwanza atafute nje ya geti mahali pa kuigiza. Miaka mitatu ya shahada hapa Tanzania, minne Kenya, ni michache mno kuisubiri ipite ndipo uanze.

Na kwetu sisi tunaofundisha nina ombi moja, nalo nalielekeza kwa uongozi wa chuo uliopo hapa. Maonyesho ya mitihani ya wanafunzi yatoke nje ya darasa. Yapelekwe Manzese, Mbagala na Tegeta, kwenye kumbi za kata na viwanja vya shule, yaonyeshwe walau mara nne kabla mtahini hajaandika alama. Gharama yake ni basi moja na mafuta yake. Makerere waliyaweza hayo mwaka 1965 wakiwa wanafunzi, na magari yetu leo ni mazuri kuliko yao.