UFUNDI USIPORITHISHWA HUFA NA MWENYEWE
(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama)



Tunamshukuru Mungu kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Shilingi tulizoweka kidogo kidogo zimesomesha watoto na kuezeka nyumba. Leo tumeombwa tuseme neno juu ya miaka ijayo, nasi tumechagua mfano wa mbali: karakana ya ufinyanzi ya Pewabic, mjini Detroit, Marekani.

Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1903 na mama mmoja, Mary Chase Perry, pamoja na jirani yake, Horace Caulkins. Mama alikuwa na ufundi wa mikono. Jirani alikuwa na tanuri, lililobuniwa kwanza kwa kuchomea kauri za meno. Walianzia kwenye banda la farasi, na mwaka 1907 wakahamia jengo lao wenyewe.

Kilichowapa jina ni vigae vya mapambo. Udongo hukandwa, hushindiliwa kwenye kalibu, hukaushwa, huchomwa, hupakwa rojo la madini, kisha hurudishwa tanurini. Vikitoka vinang'aa, na ukisogea rangi inageuka kama shingo ya njiwa. Vimepamba makanisa na majengo makubwa, likiwamo Guardian Building la mwaka 1929. Pamoja na sifa hizo, Mama Mary alikataa katakata kuigeuza karakana kuwa kiwanda kikubwa.

Sasa sikilizeni. Caulkins alifariki mwaka 1923, Mama Mary mwaka 1961. Je, kazi ilizikwa nao? Hata! Chuo kikuu kiliilea karakana kwa muda, na tangu 1981 inaendeshwa na shirika lisilogawana faida. Hadi leo vigae vinatengenezwa pale pale, na watoto kwa wakubwa wanafundishwa.

Akina mama, funzo ndilo hilo. Tanuri hununuliwa, ufundi hurithishwa. Ufundi wetu sisi ni kufunga hesabu, kupima mkopo, na kumfuata mdaiwa bila kumvunjia heshima. Mambo haya yasikae kichwani mwa mweka hazina peke yake. Tunapendekeza kila baada ya miezi mitatu wanachama wawili wapya wakae naye, daftari mezani, mpaka waweze kuliandika wenyewe. Tukifanya hivyo, hata sisi tukiondoka, sanduku litabaki na wenyewe.