Watekaji Hupitia Vijijini

Mlituomba tuzungumze juu ya watu wanaotekwa nyara huku Kenya na kuvushwa mpaka hadi Somalia, ili walipiwe kikombozi. Pengine kuna mtu anasema moyoni: haya ni mambo ya wazungu na mahoteli, sisi wenye jembe yanatuhusu nini?

Wacha tuone. Mwezi wa Septemba 2011 watu wenye bunduki waliingia hoteli moja ya Kiwayu, Lamu. Walimuua mgeni kutoka Uingereza na kumchukua mke wake. Mama huyo alirudi Machi 2012, baada ya jamaa zake kulipa. Oktoba hiyo ya 2011 mama Mfaransa alichukuliwa kisiwani Manda, naye alikufa mikononi mwa watekaji. Siku chache baadaye wanawake wawili wa Hispania, wafanyakazi wa misaada, walichukuliwa Dadaab. Hao walikaa mpaka Julai 2013. Na kabla ya hao wote, Novemba 2008, masista wawili Waitalia waliokuwa wakihudumia wagonjwa El Wak walivushwa mpaka, wakaachiliwa Februari 2009.

Si kila mtekaji ni mwanamgambo. Wengine ni maharamia wanaotafuta pesa tu, na wengine ni Al-Shabaab wenyewe. Kwa aliyefungwa kamba tofauti ni ndogo.

Sasa angalieni wenyeji. Kule Dadaab 2011, dereva Mkenya alipigwa risasi. Juni 2012, hapo hapo Dadaab, dereva mwingine aliuawa. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera wakienda kazini, na askari wetu aliyewalinda akauawa. Halafu wenzao wa Cuba wakaondolewa kaunti za mpakani. Mama mjamzito wa huko ndiye aliyelipa, ingawa hakuna aliyempigia simu kumdai. Na Februari 2025 machifu watano wa Mandera walichukuliwa, wakarudi Aprili. Hao ni wazungu?

Tuje Chakama, Kaunti ya Kilifi. Si mji wa mpakani. Jioni ya tarehe 20 Novemba 2018 watu wenye silaha walifika wakipiga risasi, wakajeruhi watu watano, wakamchukua msichana Mwitaliano aliyekuja kujitolea kusaidia watoto. Aliachiliwa huko Somalia Mei 2020, mwaka mmoja na nusu baadaye. Kutoka Chakama mpaka wa Somalia ni zaidi ya kilomita mia mbili, na Mto Tana uko katikati. Safari kama hiyo haiendeki bila watu wa kuonyesha njia, kuuza maji, kubeba kwa pikipiki na kunyamaza.

Lakini hapa tunaomba msikilize vizuri, maana ndipo vijiji huharibika. Baada ya yale ya Kiwayu alishikwa mwananchi wa kawaida, mtu wa msituni. Alisema aliwaonyesha njia kwa sababu alielekezewa bunduki. Mwaka 2013 alihukumiwa kifo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Malindi ikamwachilia, miaka zaidi ya kumi na moja imekwisha. Hata yule mama aliyefiwa na mume alikuwa ameamini kwamba mtu huyu hana hatia. Kwa hiyo mkiona mgeni anauliza sana daktari analala wapi au sista anatoka saa ngapi, mwambieni chifu au polisi mlichoona, hicho tu. "Ati fulani ni Msomali" au "ati anaswali sana" si habari, ni uchongezi.

Jambo la pesa nalo. Jamaa wa aliyetekwa wakija kwa kikundi kuomba harambee ya kikombozi, mweka hazina asifungue sanduku usiku huo. Matapeli hupiga simu wakijifanya ndio wanaomshikilia mtu. Tena Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inafanya kosa kuwapa pesa makundi hayo, na kikundi kinaweza kujikuta kortini. Tunajua ni neno gumu kumwambia mama anayelia. Msimwache aende polisi peke yake: wawili wamsindikize, simu zinazoingia ziandikwe saa na namba, na asitangaze sokoni ameambiwa alipe ngapi. Sanduku lifunguliwe kwa unga, karo na nauli. Shamba lake lipaliliwe, maana mateka wengine hukaa miezi na mingine miaka, na magugu hayangoji.

Mkikutana wiki ijayo jadilianeni haya mawili: hapa kwetu, mtu akiona jambo usiku anamwambia nani kwanza? Na huyo akiwa hayuko, ni nani?