Mwenye baiskeli apite wapi?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita hukunisikia. Nilikuwa juu ya baiskeli, siku tatu mfululizo, katika vumbi, kokoto na vilima, kutoka Kibaha hadi Kisarawe. Wenzangu ofisini waliposikia habari ya safari hiyo walicheka sana. Mtu wa makamo, mwenye nauli ya basi mfukoni, anakwenda kutafuta nini huko kwa baiskeli?

Wa kulaumiwa ni mwanangu. Ndiye aliyenionyesha picha za Wazungu waliofungasha hema, sufuria na nguo katika vifuko vilivyobanwa kwenye fremu ya baiskeli, wakizunguka mashambani kwa siku nyingi bila kukanyaga lami. Kwa wenzetu huo ni mchezo mkubwa, na umekwisha kufika kwa jirani. Mwaka 2021 yalianza nchini Kenya mashindano ya siku 4 katika njia za vumbi za nchi ya Wamasai, yapata kilometa 650. Mkenya Suleiman Kangangi, mmoja wa waliohangaika kuufungulia mchezo huo mlango katika upande wetu huu wa Afrika, alifariki Agosti 2022 kwa ajali akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani.

Mimi sikuwa na vifuko. Niliazima Phoenix ya shemeji yangu, nzito, isiyo na gia, nikafunga kwenye keria mkeka, shuka, dumu la maji, pampu na viraka. Mwenzangu alikuwa fundi baiskeli wa Maili Moja, ambaye tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho hakuniita jina langu. Aliniita Mwandishi.

Nitasema kweli: katika safari yote, mahali nilipoogopa ni penye lami. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ya Morogoro imepanuliwa ikawa ya njia 8. Ukiipita Kibaha kwenda Mlandizi, sisi tuliikuta bado nyembamba, na ndimo yanamopita malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori moja lilipiga honi nyuma yetu. Nikageuka kutazama, usukani nao ukageuka, nikajikuta mtaroni na goti linavuja damu.

"Mwandishi," fundi akaniambia huku akininyanyua, "ukisikia honi usigeuke. Toka barabarani kwanza, ndipo ugeuke."

Pale Mlandizi tukaiacha lami, tukashika njia ya Mzenga. Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa wale Wazungu wa pichani. Njia inapanda na kushuka kati ya mikorosho na mashamba ya mihogo, na kila mtu unayepishana naye ana wasaa wa kukusalimu. Tulivuka reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, pamoja na reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mzenga tukaikuta ya tatu, TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970. Reli tatu katika safari moja ya baiskeli! Usiku huo tulilala kwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyetulisha bada kwa kisamvu cha nazi, na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Siku ya pili, ya kwenda Maneromango, sina mengi ya kusimulia ila mchanga. Tulisukuma zaidi ya kupanda.

Siku ya tatu, kabla ya kufika Masaki (Masaki hii ni ya Kisarawe, siyo ile ya mabalozi), tuliwakuta wenye njia yao. Walikuwa vijana wanne, kila mmoja na baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa: mawili ubavuni, moja juu. Hawakuwa wamepanda. Kwenye mlima walisukuma, kifua kikiwa kimelala juu ya gunia, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Kwenye mteremko waligandamiza katambuga juu ya tairi la nyuma, kwani breki haiwezi mzigo ule.

"Shikamoo mzee," mmoja akanisalimu.

"Marahaba. Za safari?"

"Nzuri. Mzee unahamia wapi?"

"Sihamii, natembea tu."

Akautazama mkeka, akalitazama goti langu. "Vilima hivi, mzee, na hakuna anayekulipa?"

Sikuwa na jibu. Tulipumzika pamoja chini ya mwembe. Alinieleza kwamba huondoka kijijini jioni au alfajiri kulikimbia jua, huvuka Kisarawe na Pugu, kisha huteremka Gongo la Mboto kuuza. Nikamuuliza kipi kigumu zaidi, nikitaraji atataja milima. Akasema ni lami. Kwenye vumbi gari huenda polepole, dereva akakuona. Kwenye lami huna pa kukaa: ukibaki ndani unagongwa, na ukitoka nje gurudumu linatumbukia pembeni, magunia yanakuangukia. Kaka yake aligongwa usiku miaka miwili iliyopita, na sasa anatembea kwa magongo. Ile baiskeli aliyokuwa akiisukuma ndiyo ya kaka yake, fremu imeungwa kwa kuchomelewa.

Najua utaniambia, msikilizaji, kwamba mkaa unamaliza misitu. Ni kweli, na katika vilima vya Pugu ndiko unakoanzia mto Msimbazi, unaowafurikia watu wa Jangwani kila mvua zikizidi. Lakini mkaa huo unapika chakula chako na changu. Na hata kesho mkaa ukikoma, kijana yule atapakia mihogo, nazi au machungwa kwenye baiskeli ile ile na kupita barabara ile ile.

Wahandisi wetu wanaijua njia ya baiskeli. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ilikuwa imekwisha kujengwa kando ya barabara yao. Ombi langu ni kwamba lami ya vijijini nayo ichorwe hivyo: mita moja na nusu kila upande, ngumu, isiyo na ngazi pembeni. Ichorwe tangu mwanzo, kwa sababu kuongeza baadaye ni gharama, na sisi tunajuana kwa habari ya baadaye.

Tulifika Kisarawe saa kumi jioni. Fundi alimzibia yule kijana pancha mbili bila malipo, nami nikampa pampu, kwani ya kwake ilikuwa haishiki upepo. Sisi tulipakia baiskeli zetu juu ya gari na kurudi Kibaha. Wao walikaa kando ya barabara, wakingojea magari yapungue.