Fedha Kidogo Mkononi mwa Mama

Nimepewa kunena juu ya mikopo midogo ya wanawake. Kwanza nalikataa, maana mwalimu wa dini hasifiwi kwa kuhesabu fedha. Kisha nalikubali, kwa kuwa nina deni la kuungama mbele yenu.

Niwapeleke mbali kidogo. Katika nchi ya Bangladesh, karibu na mji wa Chittagong, kiko kijiji kiitwacho Jobra. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha jirani, alimkuta huko mwanamke afanyaye vigoda vya mianzi. Mikono yake ilikuwa hodari, ila mianzi hana. Alikuwa akimkopa mchuuzi, naye sharti amwuzie mchuuzi yule yule vigoda vyake kwa bei aitakayo mchuuzi. Kazi ya mchana kutwa, na faida chembe tu! Wakahesabiwa wenziwe waliofungwa kwa kamba hiyo, wakawa watu 42, na haja yao wote pamoja ilikuwa dola 27. Yunus akawakopesha kutoka mfukoni mwake. Hapo ndipo ilipotoka Benki ya Grameen, iliyosimamishwa mwaka 1983, ikopeshayo maskini pasipo rehani, na wengi wa wakopaji wake ni wanawake. Mwaka 2006 benki hiyo na Yunus walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya amani.

Lakini msidhani kwamba mkopo ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi wa nchi sita, Ethiopia na India zikiwamo, nao ulionyesha kwamba faida ipo, ila ni ya kadiri. Waliotoka kabisa katika umaskini kwa mkopo peke yake ni wachache. Tena mwaka 1996 Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta waliandika kwamba huko Bangladesh sehemu kubwa ya mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanawake ilitumiwa na waume na jamaa zao wa kiume. Mama hutia sahihi, baba hutumia, na siku ya kulipa huulizwa mama.

Nalipoisoma habari hiyo nalijiona mimi mwenyewe. Mke wangu alikopa fedha za unga na mafuta, apate kuuza maandazi. Mimi nikazichukua nikanunua baiskeli, nikisema ni kwa kazi ya kuzungukia vijiji. Yeye akalipa mkopo wote kwa kulima vibarua katika mashamba ya watu. Hakunigombeza hata neno moja, na jambo hilo liliniuma kuliko matusi.

Iko njia nyingine niipendayo zaidi. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, katika nchi ya Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza kuweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Njia hiyo ikaenea hata kufika Unguja na Tanzania bara. Hukutana kila juma, kila mtu hununua hisa, na fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hulala kwa wa nne. Kwa desturi mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Riba hulipwa, lakini mwisho wa mwaka huwarudia wao wenyewe wanapogawana. Bibi zetu walijua upatu, nao ni mzuri. Ila katika upatu hungoja zamu yako hata kama mtoto ni mgonjwa leo.

Tena msikope huku ili mlipe kule. Katika jimbo la Andhra Pradesh, huko India, watu walikopa kwa makampuni mengi kwa pamoja, wadai wakawasonga, na wengine wakajiua. Mwaka 2010 serikali ikalazimika kutoa sheria ya kuwazuia wakopeshaji hao.

Walimu wenzangu, nawaomba mwafundishe akina mama hesabu ya daftari siku za Jumamosi. Mke wangu amekwisha jifunza. Katika ukurasa wa kwanza ameandika jina langu na bei ya baiskeli, nami nimelipa nusu.