Askari na Habari za Kuaminiwa

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeonelea kwamba, kabla ya hesabu za fedha kusomwa, yafaa tuseme neno juu ya habari: jinsi zinavyomfikia mtu aliye mbali na kwao, na jinsi anavyopima ipi ya kuaminiwa na ipi ya kuachwa. Tumewachagua askari wawe mfano wetu kwa sababu tatu. Kwanza, nyumba nyingi za wanachama wetu zimetoa askari, wa zamani na wa sasa. Pili, askari akiamini uongo huenda akaulipia kwa roho yake. Sababu ya tatu tutaitaja mwisho, nayo yatuhusu sisi wenyewe.

Katika Vita Vikuu vya Pili, vya mwaka 1939 hadi 1945, Waafrika wa Kenya wapatao 98,000 waliingia jeshini. Wengi wao walikuwa hawajapata kusoma gazeti. Mwaka 1939 gazeti la Baraza lilianza kutolewa Nairobi kwa Kiswahili. Jeshi nalo likawa na gazeti lake, jina lake Askari, na wale waliovuka bahari kwenda Ceylon, Bara Hindi na Burma walikuwa na gazeti liitwalo Heshima. Palikuwa na redio na sinema. Palikuwa na walimu wa jeshi, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kuwaeleza askari habari za vita, kwa kuwa wasiojua kusoma walikuwa wengi. Barua za askari zilifunguliwa na kukaguliwa kabla ya kupelekwa.

Mtu angedhani kwamba askari aliyezungukwa na habari za wakubwa peke yake aliyakubali yote aliyoambiwa. Sivyo walivyotusimulia baba zetu. Walituambia kwamba kila habari waliipitisha katika chekecheke zao wenyewe, nazo zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni macho. Askari alianza kulipima gazeti kwa mambo madogo aliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw huko Burma katika masika makali, matope na maradhi, hata wakafika mto Chindwin na kuuvuka mwezi wa Desemba. Mtu aliyetembea katika matope yale hakuhitaji kuelezwa na mtu mwingine hali ya njia. Gazeti likisema kweli juu ya mvua, chakula na njia, basi likisema neno juu ya vita vya mbali aliweza kulisikiliza. Likipamba yale aliyoyaona, hata la mbali hakulisadiki.

Ya pili ni kinywa cha aliyekuwako. Askari hakuuliza tu, “Habari gani?” Aliuliza, “Nani aliyesema, naye alikuwa wapi?” Dereva wa lori aliyetoka mbele, au majeruhi aliyerudishwa hospitali, aliaminiwa kuliko mwenye cheo aliyekaa nyuma. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jenerali China, alieleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1967 jinsi mazungumzo na watu aliokutana nao huko Burma na Calcutta yalivyomfungua macho. Mazungumzo ya namna hiyo hayakuwa katika gazeti la jeshi.

Ya tatu ni barua kutoka nyumbani. Mwaka 1943 njaa iliingia sehemu nyingi za Kenya. Askari aliyesikia kambini kwamba nyumbani ni salama, kisha akapata barua ya mkewe inayotaja ghala tupu, alijua lipi la kushika. Alijua pia kwamba barua ile imekaguliwa, kwa hiyo alijifunza kusoma yaliyoandikwa na yaliyoachwa. Kama mama hakutajwa katika barua mbili zilizofuatana, mwana alianza kuomboleza kabla ya kuambiwa.

Hapa, wazee wetu, twafika penye jambo kubwa. Askari hawakuchukia kila siri. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wakati wa vita njia za meli ni siri, na askari yeyote aelewa kwa nini. Hakuna aliyetaka adui ajue meli ya ndugu zake itapita wapi kesho. Siri ya namna hiyo humlinda aliye hai, nayo ina muda wake: hatari ikipita, yapasa kufunuliwa. Lakini iko siri nyingine, ya kuficha aibu ya mkubwa au kukwepa swali la mjane. Hiyo haina muda, maana mwenye nayo hapendi siku yake ifike kamwe. Askari alizitenga siri hizi mbili, na sisi hatuna budi kujifunza kuzitenga.

Vita vilipokwisha imani ile ilijaribiwa tena. Waliorudi walikuwa wameambiwa miaka mingi kwamba wanapigania uhuru na haki. Wakaona Wazungu waliotoka vitani wakifanyiwa mpango wa mashamba katika nyanda za juu, nao wenyewe wakirudi na bahashishi yao ndogo. Hapo chekecheke ya macho ilifanya kazi yake. Tangu siku ile wengi hawakulisadiki tena neno la serikali, hata pale iliposema kweli.

Wajukuu wa wazee wale wana simu mikononi, lakini chekecheke haikubadilika. Jeshi letu liliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Januari 2012 msemaji wake alieneza katika mtandao picha za mtu aliyeuawa kwa mawe, kana kwamba ni tendo la siku zile. Haukupita muda ikajulikana kwamba picha hizo zilikuwa za mwaka 2009. Adui hakukosa kulitangaza kosa hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na hata aliyekosea bila kukusudia huipita njia hiyo hiyo.

Kisha, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya askari wetu huko El Adde ilishambuliwa na Al-Shabaab na wengi wakauawa. Hesabu kamili haikutangazwa na serikali. Picha za maiti, zilizopigwa na adui ili kutuvunja moyo, zikazunguka katika simu. Wako wazazi waliotafuta nyuso za wana wao katika picha za adui, kwa kuwa upande wa wenzao ulikuwa kimya. Twasema hivi bila kumlaumu askari hata mmoja. Twasema kwa kuwa mahali pasipo na neno la kweli hapakai patupu, bali hujazwa na yeyote aliye na neno.

Sasa twaja kwenye sababu ya tatu. Mwaka huu, mwezi wa Mei, nyumba moja ya wanachama wetu ilifiwa, na msaada wa maziko ukachelewa majuma matatu. Kisa chake ni kwamba mmoja wa wazee watatu wanaotia sahihi benki alikuwa amelazwa hospitali. Sisi wa Kamati tulinyamaza. Tulijiambia kwamba twamstahi mgonjwa. Ukweli ni kwamba tuliona haya kukiri kwamba hatukuwa tumeweka mtu wa kushika nafasi yake. Katika juma la pili sauti ikazunguka katika kikundi cha WhatsApp ikisema fedha za maziko zimeliwa. Wanachama kumi na mmoja wakaacha kutoa mchango. Nyumba ile ilikopa jeneza. Mgonjwa wetu naye, akiwa kitandani, akasikia jina lake likitajwa pamoja na wezi.

Tulipofunua daftari za benki mezani mwezi wa Julai, haikukosekana hata senti moja. Wanane wamerudi, watatu hawajarudi. Hatuwalaumu watatu hao. Walipima habari kwa chekecheke waliyokuwa nayo: msaada haukuonekana kwa macho, na kinywa chetu kilikuwa kimefungwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa ni letu, na mbele ya mkutano huu twaomba radhi kwa nyumba ile na kwa mzee wetu.

Kwa hiyo Kamati yaazimia haya. Jambo lolote likichelewa, wanachama waambiwe ndani ya siku tatu, hata kama la kuambiwa ni kwamba bado hatujui. Daftari za benki zifunuliwe kila miezi mitatu kwa mwanachama yeyote atakaye kuzitazama. Pawe na mtu wa nne wa kutia sahihi. Nanyi wanachama twawaomba jambo moja: kabla ya kupeleka mbele neno mlilopokea kwa simu, mwulize aliyelileta alikuwa wapi. Akisema naye kaletewa, liacheni likae hapo mpaka apatikane aliyekuwako.

Hesabu za mwaka zafuata katika ukurasa wa pili. Tafadhali zipimeni kama askari wale walivyolipima gazeti lao, mkianza na yale madogo mliyoyaona wenyewe. Mkiona tofauti, tuulizeni hapa, mbele ya wote.

Tumesema.